Matembezi ya Kumi na Tatu

Siku Jemadari alipopelekwa maabara kupimwa kama kweli anachechemea, alitembea vizuri kuliko siku aliyofunga ndoa.

Mkewe alishuhudia kwa macho yake mawili, tena kwa kamera kumi. Alikuwa amechuchumaa kando ya njia ya kupimia, kile kipande cha sakafu cha mita kumi kilichopakwa rangi ya kijivu, ameshika mfuko wa vitufe vidogo vinavyong'aa. Chuo kiliviita kwa jina refu la kitaalamu; yeye aliviita gololi. Kazi yake kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa hiyo: kubandika gololi thelathini na tisa juu ya mwili wa mtu, toka kipaji cha uso hadi kidole gumba cha mguu, ili kamera zizione na kompyuta ijue kiungo gani kinakwenda wapi. Mtaani walizisikia habari za kazi hiyo nusunusu, wakambandika jina la Mama Gololi. Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea.

Mumewe alikuwa mpakiaji katika ghala la nafaka. Miezi minne nyuma, rundo la magunia lilimwangukia, likamkalia kwenye nyonga ya kushoto. Hospitali ilimpa vidonge na fimbo; vidonge akavimaliza, fimbo akaifanya ya kuangikia shati. Kampuni ya bima ilisema italipa fidia ikithibitika kwamba ameumia, na pa kuthibitishia palikuwa mahali pamoja tu: maabara ya mwendo ya chuo kikuu, anakofanya kazi mkewe.

"Je, mpimaji anamfahamu mpimwaji?" Profesa alisoma fomu kwa sauti. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye tabia ya kumtambua mtu kuanzia miguuni, uso ukija mwisho kama maelezo ya ziada.

"Ndiyo," akasema Mama Gololi.

"Kwa kiasi gani?"

"Miaka kumi na tisa. Watoto wawili, wako bweni."

Profesa akatafuta kisanduku cha kutia alama. Vilikuwepo vitatu: kidogo, wastani, vizuri. Akasita.

"Weka wastani," Jemadari akasaidia.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa afisa wa bima, kijana nadhifu aliyekuwa akibofya kalamu yake bila kupumzika, ta-ta, ta-ta, hata jina lake likasahaulika akawa Bwana Kalamu. Yeye ndiye aliyetaka utaratibu ufuatwe. Kwa kuwa mpimaji ni mke wa mpimwaji, alisema, haitafaa aguse kompyuta, wala haitafaa wazungumze mambo ya nyumbani. Lakini abandike gololi, maana mwenzake mmoja tu aliyeijua kazi hiyo alikuwa likizo ya uzazi.

Basi Mama Gololi akambandika mumewe mbele za watu, akimwita mpimwaji.

"Mpimwaji, inua mkono wa kulia."

"Naam, mpimaji."

"Mpimwaji, usicheke."

"Unanitekenya, mpimaji."

Kalamu ikabofya. Jemadari alikuwa amevalishwa kaptura nyeusi ya kubana, iliyonunuliwa kwa ajili ya wanariadha wa miaka ishirini. Kitambi chake kilichungulia juu ya mpira wa kiuno kama jirani juu ya ukuta. Mwanamume aliyeheshimika ghala zima, ambaye jina la Jemadari alilipata kwa sababu alitembea na gunia begani kama yuko kwenye gwaride, alisimama pale akimetameta kila kiungo, akiangalia dari.

"Sasa tembea," akasema Profesa, "kama unavyotembea siku zote."

Hakuna maneno duniani yanayoharibu mwendo wa mtu kama hayo. Jemadari alivuta pumzi. Akakiingiza kitambi, akatoa kifua, akatupa mguu wa kushoto mbele kana kwamba haukuwahi kuonja gunia. Alikwenda, akageuka, akarudi. Mara kumi na mbili. Jasho lilimtiririka mpaka gololi moja ya kiunoni ikabanduka, lakini hakuyumba hata unywele. Mara ya mwisho alipompita Bwana Kalamu alimpa salamu ya kichwa, kama mkuu anayekagua kikosi.

Kompyuta ilifikiri kidogo, ikatoa jibu. Ulinganifu wa hatua: asilimia tisini na nane.

Profesa alishindwa kujizuia. "Fundi! Mumeo ana nyonga ya kitabuni! Sijaona hatua safi kama hizi kwa mtu wa umri wake." Akamgeukia Jemadari, akamwambia magotini, "Ndugu, ungeweza kuja kila Alhamisi? Tunatafuta mtu mzima asiye na kasoro, tumlinganishe na wagonjwa."

Ta-ta, ikasema kalamu.

"Nitafurahi," akasema Jemadari. Hapo ndipo mkewe alipoanza kubandua gololi, na hakuzibandua kwa huruma.

*

Aliporudi nyumbani jioni alimkuta amelala chali kwenye kochi, mguu juu ya mito mitatu, mama yake akimkanda kwa kitambaa cha moto. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi mwenye goti bovu na ulimi mzima. Aliishi nao mwaka wa sita.

"Mkwe wangu," alianza kabla mlango haujafungwa, "nimesikia mashine yenu imesema mwanangu ni mzima. Mimi niliyemzaa nasema ni mgonjwa. Nani anayemjua?"

"Mama, mashine haikudanganya. Imesema ilichokiona." Akaweka mkoba chini, akamkabili mumewe. "Baba watoto, kwa nini hukuchechemea?"

"Nilisahau."

"Ulisahau maumivu?"

"Maumivu sikuyasahau. Nilisahau kuyaonyesha."

"Kuna mtu husahau kuchechemea?"

"Mtu akikutazama," akasema Jemadari, "mgongo unajinyoosha wenyewe. Sasa ninyi mlikuwa watatu, na kamera kumi. Hesabu mwenyewe nilivyonyooka."

Mama Gololi akaketi. Alitaka kukasirika lakini akaona aibu inamzunguka mumewe kama nzi, akaiacha hasira ipite. "Haya, hapa hakuna kamera. Simama. Nionyeshe unavyotembea nyonga ikiuma."

Jemadari alimtazama, akamtazama mama yake. Akashusha mguu kutoka kwenye mito, kisha na wa pili. Akasimama, akajikung'uta suruali, akatembea mpaka mlangoni. Bega juu, kifua mbele. Akarudi. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama kama kamba ya kuanikia nguo.

"Hivyo ndivyo unavyotembea?"

"Hivyo ndivyo."

"Basi unaona," mama mkwe akasema kwa uchungu, "hajui. Hakufundishwa."

*

Barua ya bima ilifika wiki iliyofuata, ikiwa na lugha laini kama mkono wa daktari wa meno. Ilimpongeza Jemadari kwa afya njema. Ilimtaka aripoti ghalani Jumatatu, aendelee kubeba magunia ya kilo tisini, au, kama hakuridhika, aombe kupimwa mara ya pili na ya mwisho. Akishindwa mara hiyo, itachukuliwa kwamba alijaribu kudanganya, na ghala halina nafasi kwa waongo.

Akaomba kupimwa tena. Mke akaenda kazini. Na nyumbani kwake, bila yeye kujua, kukafunguliwa shule.

Aliigundua Ijumaa, alipowahi kurudi kwa sababu umeme wa chuo ulikatika. Akiwa bado nje alisikia sauti ya mama mkwe: "Anza na uso! Mtu hachechemei mguu, anachechemea uso! Kunja! Zaidi! Sasa vuta pumzi kama uliyebeba ndoo ngazini!" Alipochungulia dirishani aliona meza imesukumwa ukutani, na mama na mwana wakizunguka chumba, mama mbele, mwana nyuma, wote wawili wakichechemea kwa mpangilio kama saa mbili za ukutani zilizonunuliwa duka moja.

"Jamani, nini hiki?"

Walisimama. Jemadari, mtu wa miaka arobaini na saba, aliweka mikono nyuma.

"Namsaidia," akasema mama mkwe. "Mimi nimechechemea miaka kumi na miwili. Kuna profesa wa kunifundisha kazi hii?"

"Mama, mashine haioni uso."

"Basi hiyo mashine yenu ni kipofu."

"Na wewe," akamgeukia mumewe, "unaumwa kweli. Usiku nakusikia unavyogeuka. Sasa unafundishwa nini tena?"

"Nafundishwa kuonekana."

"Huko ni kudanganya."

"Nadanganyaje, nikiigiza kitu ambacho ni kweli?"

Miaka kumi na mmoja ameona watu wa kila namna kwenye ile njia ya kijivu, wanaojikaza na wanaojilegeza, naye alikuwa akiwaambia wote maneno yale yale: tembea tu, usifikirie. Hakuwahi kujiuliza kama kuna binadamu anayeweza. "Mimi sitasema uongo kazini," akasema mwishowe. "Nikiulizwa nitasema nilichokiona."

"Hutaulizwa," Jemadari akasema. "Wewe ni wastani tu."

Utani huo haukumchekesha mtu. Usiku huo kila mmoja alikula kivyake, na mama mkwe akala mara mbili kwa hasira.

*

Siku ya pili ya kupimwa Bwana Kalamu alikuja na kalamu mpya. Profesa alikuwa mchangamfu. Alimwuliza Jemadari habari za visigino vyake. Fomu ikajazwa upya, kaptura ikavaliwa upya, gololi zikabandikwa moja moja. Mama Gololi alihisi ngozi ya mumewe imepoa kama ya mtu anayesubiri mtihani.

"Mpimwaji," akamnong'oneza akibandika ile ya nyongani, "nakuomba. Tembea tu."

"Mazungumzo ya nyumbani," akasema Bwana Kalamu.

Profesa akabonyeza kompyuta, kamera kumi zikawasha vijicho vyekundu, na Jemadari akaanza.

Kwanza akakunja uso. Kisha akavuta pumzi ya ndoo. Kisha akachechemea, na kwa kweli alichechemea kwa ufundi, kila hatua ikisimulia kisa. Profesa aliinuka kitini. Mama Gololi aliuona ule mwendo. Aliufahamu. Aliuona kila asubuhi ukitoka chumbani kwenda msalani. Ulikuwa mwendo wa mama mkwe, goti na yote. Na goti bovu la mama mkwe lilikuwa la kulia.

Jemadari alichechemea mguu wa kulia kwa matembezi tisa. Kwenye la kumi, akigeuka, akauona uso wa mkewe, akakumbuka, na palepale katikati ya njia akahamishia kilema mguu wa kushoto. Kwenye la kumi na moja alichanganyikiwa kabisa akachechemea kote kote, kama mtu anayevuka makaa. La kumi na mbili hakuchechemea. Alitembea polepole, kichwa chini, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Hata kalamu ilinyamaza.

"Nimeandika," akasema Bwana Kalamu hatimaye, "'miguu yote miwili, kwa zamu.' Nimeandika sawasawa?"

Akafunga faili taratibu, kwa adabu ya mtu anayefunika maiti. Profesa, ambaye hakupenda kuona mtu akiumbuka ndani ya maabara yake, alimshika afisa kiwiko, akamwambia waende ofisini wakanywe chai kabla ya kutia saini. Wakatoka. Kwa haraka ile Profesa alisahau kuizima kompyuta. Mama Gololi aliona vile vijicho kumi bado vyekundu, akanyanyua mkono kuzima, akakumbuka kwamba amekatazwa kuigusa. Akaushusha mkono. Utaratibu ni utaratibu.

Alikaa nyuma ya skrini asitazamane na mumewe. Kwa wakati ule hakuwa na neno la kumwambia ambalo lisingekuwa jiwe.

Jemadari alisimama mwisho wa njia, akiwa peke yake, au akidhani yuko peke yake. Suruali yake ilikuwa kwenye kiti upande wa pili. Mita kumi. Akaitazama kama mtu anavyotazama mlima. Kisha akaenda kuichukua.

Mkewe hakumwona yeye, aliona skrini. Pale palikuwa na nukta thelathini na tisa zilizounganishwa kwa vistari, mtu wa vijiti, asiye na uso wala jina. Yule mtu wa vijiti alilalia upande mmoja. Mguu wake wa kushoto haukwenda mbele, uliburutwa kwa kuzungushwa nje, na kila alipoukanyaga bega la kulia lilianguka kumwokoa. Hatua tatu. Akasimama. Mkono wa vijiti ukashika hewa: alikuwa ameegemea ukuta. Hatua mbili. Akasimama tena, akainama, akauweka mkono juu ya nyonga, na Mama Gololi akasikia upande wa pili wa skrini sauti ya mumewe ikizungumza na mtu kwa upole ambao hakuwahi kuusikia.

"Haya, mzee mwenzangu. Najua. Najua. Ile pale suruali, tukifika tutakaa."

Alikuwa akizungumza na mguu.

Mama Gololi alijiziba mdomo kwa kiganja. Hakujua anataka kucheka au kulia, na mwili wake haukungoja aamue, ukafanya yote mawili.

*

"Huu!" Profesa alisema, akigusa skrini kwa kidole kana kwamba anamgusa mtoto mchanga. "Huu hauigizwi! Angalia nyonga inavyodondoka. Angalia muda wa mguu kukaa chini. Hata mwigizaji mkubwa hawezi kuidanganya sahani ya sakafuni inayopima uzito wa kila hatua." Bwana Kalamu bado alikuwa ofisini na kikombe cha pili. "Tatizo ni moja. Alitia saini ya matembezi kumi na mawili. Hili ni la kumi na tatu. Bila saini yake siwezi kulionyesha kwa yeyote. Lazima nilifute."

"Nitamwambia," akasema mkewe.

Alimkuta nje, kwenye ngazi za jengo, amevaa suruali yake, gololi mbili zikiwa bado zimemganda kipajini. Wanafunzi walipita wakimkwepa. Akakaa kando yake, akamweleza yote bila kuzunguka.

Jemadari alifuta jasho la shingoni. Kisha akasema, "Mlinirekodi."

"Kwa bahati mbaya."

"Nikienda kuchukua suruali. Nikiwa na kile kikaptura."

"Kaptura haionekani. Ni nukta tu, baba. Hazina sura."

"Nukta za nani?"

"Zako."

"Basi ni mimi." Akasugua magoti. "Unataka yule kijana aketi na chai yake anitazame mimi nikishika ukuta? Bora anione mwongo. Mwongo ni mtu mzima mwenye akili zake. Lakini vile… vile hata mama yangu hajaniona."

"Hata mimi sijakuona," akasema mkewe.

Akageuka kumtazama.

"Nimepima watu mia saba," akaendelea. "Mtu akipita nje ya dirisha najua kiatu chake kimelika upande gani. Na wewe tumelala kitanda kimoja miezi minne hii, nimekuona ukikaa, nimekuona ukilala, sijakuona ukitembea. Leo ndiyo nimejua kwa nini. Tukitoka unaniambia 'tangulia, mama.' Sokoni, tangulia. Ibadani, tangulia. Nikajisifu kwa wenzangu kwamba mume wangu ameanza kunipisha mbele kwa heshima. Kumbe ulikuwa unabaki nyuma uburute mguu wako."

Jemadari aliangalia chini. "Ilikuwa na heshima pia," akasema. "Kidogo."

"Ilikuwa wastani."

Akacheka bila kutaka, na kicheko kikamshtua nyonga, akauma meno. Safari hii hakuficha. Mkewe akabandua zile gololi mbili kipajini, polepole, akipuliza.

"Nionyeshe kwanza," akasema Jemadari. "Nisitie saini ya kitu nisichokijua."

Wakarudi ndani, yeye akiwa mbele, kwa sababu mkewe alikataa katakata kutangulia. Profesa akawaonyesha. Jemadari alisimama mbele ya skrini, mikono nyuma, akimwangalia mtu wa vijiti akiifuata suruali isiyoonekana. Aliangalia mara mbili.

"Maskini," akasema, kama anayesikitikia jirani. "Huyu angelala tu nyumbani." Kisha, "Lete kalamu."

Kalamu iliyokuwepo ilikuwa ya Bwana Kalamu, aliyekuwa amesimama mlangoni. Alipoitoa alibofya mara moja tu, kwa unyonge.

*

Bima haikukubali kirahisi. Kikao chao kilikaa mara tatu. Kwanza walisema nukta hazina jina, hivyo mwenye kuchechemea anaweza kuwa yeyote. Profesa akawaandikia kurasa kumi na moja kueleza kwamba mifupa ya mtu haikopeshwi. Kisha wakauliza, kama huyu mtu ana matembezi kumi na mawili mazuri, na mengine ya sarakasi, na moja baya, kwa nini lile moja ndilo liaminiwe? Profesa akajibu kwa sentensi moja: kwa sababu ndilo pekee alilokuwa akienda mahali.

Mwezi ulipoisha Jemadari aliitwa ofisi za bima kuchukua barua kwa mkono. Mkewe akaomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja. Bwana Kalamu aliisoma akiwa ameinamisha macho. Imethibitika kwamba mpimwaji ameumia nyonga ya kushoto. Hata hivyo, kwa kuwa mguu wa kulia umeonekana ni mzima, na kwa kuwa mtu hutembea kwa miguu miwili, atalipwa nusu ya fidia. Aidha, ghala litampa kazi ya kukaa getini, kuandika malori yanayoingia na kutoka, kwa mshahara ule ule ukitoa posho ya kubeba.

"Nusu," akasema Mama Gololi. "Yaani mngelipa yote kama magunia yangemvunja miguu yote miwili?"

Bwana Kalamu aliupitia ukurasa, akitafuta. "Kwa mujibu wa jedwali," akasema, "ndiyo." Akaonekana kuona aibu, akaongeza, "Jedwali silitungi mimi, mama."

"Tunajua, mwanangu," akasema Jemadari, akachukua barua, akaikunja mara nne.

Nusu hiyo ingetosha karo ya mihula miwili, na dawa, na kusingebaki kitu. Kazi ya getini ilikuwa na kiti. Walilihesabu hilo wakishuka ngazi, kidato kimoja kimoja, yeye akiwa ameshika kishikio kwa mkono huu na bega la mkewe kwa mkono ule. Chini mlangoni alitua. Mbele yao barabara ilikuwa imejaa, saa ya watu kutoka kazini, na ng'ambo ndiko kilikokuwa kituo cha basi.

"Tungoje ipungue," akasema mkewe.

"Tukingoja ipungue tutalala hapa."

Taa ikabadilika, magari yakasimama. Jemadari akashuka ukingoni. Bega likadondoka, mguu ukazunguka nje, ukaburuta, ukatua. Hatua ya kwanza, ya pili. Mamia ya macho nyuma ya vioo yalikuwa yakimtazama, na mkewe akahisi ule mgongo ukitaka kunyooka chini ya mkono wake, ukatetemeka, kisha ukaachia. Walipofika katikati taa ikayaruhusu magari. Dereva wa lori akapiga honi, wa nyuma yake akampokea, na mara barabara nzima ikawa inalia.

Jemadari akasimama, akawageukia, akainua kiganja.

"Ngojeni kidogo!" akawapazia sauti. "Sasa ndiyo natembea!"

Akauchukua mguu wake, akaendelea.